Mawe ya Ilocos Sur na Mikono Iliyoyajenga

Ilocos Sur ni jimbo jembamba la pwani katika upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa cha Luzon, nchi ya Ufilipino. Magharibi yake ni bahari. Mashariki yake ni milima mirefu iitwayo Cordillera. Kati ya viwili hivyo nchi ya tambarare ni kama ukanda, na mahali pengine milima hukaribia maji hata njia kuu hupita kwa taabu baina ya jabali na mawimbi. Wenyeji ni Wailokano, na lugha yao ni Kiilokano. Hata mwaka 1818 jimbo hili lilikuwa kitu kimoja na jirani yake wa kaskazini. Ndipo Wahispania walipoigawa nchi, upande wa kaskazini ukaitwa Ilocos Norte, na wa kusini Ilocos Sur.

Jimbo hili limepata sifa kubwa kwa majengo yake ya kale. Kanisa lake la Santa Maria liliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1993, na mji wake mkuu, Vigan, ukaandikwa mwaka 1999. Wageni waendao huko huambiwa kwamba Wahispania ndio waliojenga makanisa, minara na nyumba hizo. Kauli hiyo husemwa kwa wepesi sana, na neno moja ndani yake lastahili kuchunguzwa, nalo ni neno kujenga. Jengo lina mtu aliyeamuru lijengwe, na lina watu waliochimba udongo, wakachoma matofali na kuyabeba mgongoni. Mwenye kuamuru huandikwa jina lake juu ya mlango. Wenye kubeba hawaandikwi popote. Katika insha hii nataka kuyapitia majengo na mahali mashuhuri pa Ilocos Sur nikiwatafuta hao wasioandikwa, kwa kuwa mambo yao hayakupotea. Yamo katika majengo yale yale, kwa mtu awezaye kuyasoma.

Vigan ulikuwa mji wa biashara kabla ya Mhispania wa kwanza kufika. Mto Abra ushukao kutoka milimani ulijigawa karibu na pwani, na matawi yake yakaizunguka nchi hii hata ikawa kama kisiwa. Wachina walikuja kwa jahazi zao, wakapanda mto kwa maji ya kutosha, wakatoa bidhaa za kwao wakapata dhahabu, nta na mazao mengine yaliyoletwa na watu wa milimani. Mwaka 1572 Juan de Salcedo, mjukuu wa Legazpi aliyeitwaa nchi kwa jina la mfalme wa Hispania, alifika hapo na askari wake. Mwaka 1574 alirudi akaanzisha mji, akauita Villa Fernandina kwa heshima ya Fernando, mwana wa mfalme Felipe II. Salcedo mwenyewe alikufa kwa homa mwaka 1576, hali angali kijana, lakini mpango wa mji wake ulidumu. Njia zilinyoshwa zikakatana kama mistari ya dama, na katikati pakaachwa uwanja. Kuzunguka uwanja huo yalisimamishwa kanisa, nyumba ya askofu na nyumba za serikali, ili mtu aingiaje mjini aone kwa mara moja ni nani atawalaye. Uwanja huo hata leo waitwa kwa jina la Salcedo.

Majengo hayo yalihitaji watu, na watu walipatikana kwa sheria ya shokoa. Kila mwanamume wa umri wa miaka 16 hata 60 aliwajibika kufanya kazi ya serikali siku 40 kila mwaka, isipokuwa machifu na wale walioweza kujikomboa kwa fedha. Siku hizo hazikupunguzwa hata mwaka 1884, zilipofanywa 15. Wailokano walikata magogo, walivunja mawe, walichoma chokaa na matofali, na waliacha mashamba yao katika majira ya kupanda. Zaidi ya kazi hiyo walitoa kodi. Basi mtu atazamapo ukuta wa kanisa wenye upana wa kumzidi, ajue kuwa anatazama pia hesabu ya siku zilizotolewa bila hiari.

Mahali pawili paonyesha jambo hili vizuri. Pa kwanza ni Bantay, ng'ambo ya pili ya mto kutoka Vigan. Mnara wake wa kengele umesimama peke yake juu ya kilima, mbali na kanisa, nao ulitumika kutazamia adui atokaye baharini. Neno bantay kwa Kiilokano ni mlima, na kwa Kitagalog ni ulinzi, na mnara ule wastahili majina yote mawili. Pa pili ni Santa Maria. Desturi ya Wahispania ilikuwa kuweka kanisa penye uwanja, katikati ya mji. Santa Maria kanisa liliwekwa juu ya kilima, likazungushiwa ukuta wa kujikinga, na kulifikia hapana budi kupanda ngazi ndefu ya mawe. Ni jengo la matofali lililoanzishwa mwaka 1765, lenye mihimili minene ya kuegemeza kuta zisianguke wakati wa tetemeko. Limejengwa kwa ibada, na limejengwa kwa vita. Mwaka wa kuanzishwa kwake wafaa kukumbukwa, maana ni miaka miwili tu baada ya jimbo hili kutikiswa na fitina kubwa kuliko zote zilizowahi kutokea humo chini ya Wahispania.

Mwaka 1762 Hispania ilikuwa vitani na Uingereza, na mwezi wa Oktoba Waingereza waliuteka Manila. Diego Silang, Mwilokano aliyekuwa akichukua barua baina ya Ilocos na Manila, aliona kwa macho yake kwamba wenye nguvu nao hushindwa. Alitaka mkuu wa jimbo aondolewe, na watu wapumzishwe kodi na shokoa. Alipokataliwa aliwakusanya watu, akaushika Vigan. Waingereza walimtambua kama mtawala wa jimbo, wakampelekea zawadi na ahadi ya msaada. Lakini msaada wenyewe haukufika. Tarehe 28 Mei 1763 aliuawa kwa risasi nyumbani kwake na Miguel Vicos, rafiki yake aliyekubali kufanya kazi hiyo kwa ajili ya adui zake. Jambo la kusikitisha ni kwamba Uingereza na Hispania zilikuwa zimekwisha kutia sahihi mkataba wa amani huko Paris mwezi wa Februari mwaka ule ule. Habari zilisafiri kwa merikebu za matanga, na Silang alikufa akitegemea vita ambayo wenyewe wameiacha.

Mkewe, Gabriela, aliyezaliwa katika mji wa Santa humo humo Ilocos, hakukubali kuwa mjane wa kulia tu. Alikimbilia Abra, kwenye milima ya mashariki, akakusanya jeshi jipya, akarudi mwezi wa Septemba kuushambulia Vigan. Alishindwa, akakamatwa, na mwezi huo huo akanyongwa mbele ya watu katika uwanja wa mji, pamoja na wafuasi wake. Uwanja uliopangwa ili uonyeshe utawala ulifanya kazi yake siku ile. Wala hapakujengwa kitu cha kumkumbusha. Kwa muda mrefu Gabriela Silang hakuwa na jiwe wala kibao. Alikuwa na masimulizi tu. Lakini masimulizi hayo yalikuwa na maisha marefu: mwaka 1984, wanawake wa Ufilipino walipounda umoja wa kutetea haki zao, walichagua jina lake.

Baada ya fitina hiyo serikali haikulegeza mkono. Mwaka 1782 ilianza kuhodhi biashara ya tumbaku, na mwaka 1786 ikahodhi basi. Hapa yafaa kueleza kwamba basi, kwa Wailokano, ni pombe itengenezwayo kwa maji ya miwa. Maji hayo huchemshwa, hutiwa magome na majani ya miti fulani, kisha huachwa yachachuke ndani ya balasi kubwa za udongo. Balasi hizo huitwa burnay, na ufundi wa kuzifinyanga, uliotoka kwa Wachina, ungaliko Vigan hata sasa. Pombe hii ilinywewa palipozaliwa mtoto, palipofungwa ndoa na palipozikwa maiti. Kumkataza mtu asiitengeneze nyumbani kwake, kisha kumlazimisha ainunue dukani kwa serikali, kulikuwa ni kuweka ushuru juu ya uzazi, arusi na matanga. Naam, watu walivumilia kwa miaka ishirini na moja. Tarehe 16 Septemba 1807 uasi ulizuka Piddig, upande wa kaskazini, ukaongozwa na Pedro Mateo na Salarogo Ambaristo. Waasi walishuka kusini, mji baada ya mji, wakielekea Vigan. Tarehe 28 walikutana na jeshi la serikali penye mto Bantaoay, katika San Ildefonso, na hapo walivunjwa. Wengi waliuawa, na viongozi wakahukumiwa kufa.

Miaka kumi na minne baadaye, mwaka 1821, mchoraji wa Vigan aitwaye Esteban Villanueva alizichora habari za uasi huo katika picha 14. Zina askari waliojipanga kwa safu, bendera, maofisa juu ya farasi, na mbinguni nyota yenye mkia, ambayo kweli ilionekana duniani mwaka ule wa 1807. Picha za mwisho zaonyesha adhabu. Kwa mtazamo wa kwanza ni hadithi ya mshindi: waasi wametokea, wameshindwa, wameadhibiwa. Lakini mchoraji, awe alikusudia au hakukusudia, ametuachia jambo ambalo hapana barua ya gavana iliyotuachia. Ametuonyesha watu wa kawaida wakiwa wengi, wakiwa na nia, wakiikabili mizinga. Mtu atakaye kujua kwamba waasi wa basi walikuwa watu, wala hawakuwa jina tu katika hati za mahakama, aende akazitazame.

Na mahali pa kuzitazama ni penyewe pa kutia fikira. Picha hizo zimewekwa katika gereza la kale la Vigan, ambalo sasa ni makumbusho ya taifa. Ndani ya gereza hilo, mwaka 1890, alizaliwa Elpidio Quirino, kwa sababu baba yake alikuwa mlinzi wa wafungwa. Na mtoto huyo alikuja kuwa rais wa Ufilipino tangu 1948 hata 1953. Hivyo nyumba moja imekuwa kifungo cha waasi, chumba alichozaliwa rais, na hazina ya picha za uasi. Msomaji wa pwani yetu hatashangaa sana. Ngome ya Mombasa, Fort Jesus, ilianza kujengwa mwaka 1593, katika enzi ya Felipe II yuyu huyu, ambaye Ufilipino umeitwa kwa jina lake, na ambaye wakati huo alikuwa mfalme wa Ureno pia. Ngome hiyo nayo iligeuzwa gereza na Waingereza, ikaacha kuwa gereza mwaka 1958, kisha ikafanywa makumbusho. Pwani mbili zilizo mbali namna hii zilijengewa kuta kwa jina la mfalme mmoja, na pwani zote mbili zimelazimika kujiuliza: ukuta wa mtawala ukishaachwa, ni wa nani, na usimulie habari ya nani?

Vigan lilijibiwa swali hilo kwa namna yake. Nyumba zinazousifisha mji huo leo hazikuwa za Wahispania. Ni nyumba za wafanya biashara, wengi wao machotara wa Kichina na Kiilokano, waliokaa katika mtaa ulioitwa Kasanglayan, maana yake mahali pa Wachina. Walitajirika kwa nili, tumbaku na nguo nzito za pamba ziitwazo abel, zilizofumwa na wanawake wa Ilocos. Walijenga orofa ya chini kwa matofali na mawe, kwa ajili ya mizigo na magari ya farasi. Na orofa ya juu kwa mbao, kwa ajili ya kukaa. Madirisha yao wakayatia vipande vyembamba vya kombe za baharini mahali pa vioo, ili mwanga uingie bila joto kali. Katika nyumba moja mna paa la Kichina, mpango wa Kihispania, miti ya Kiilokano na kombe za bahari ile ile.

Nyumba hizo ndizo zilizotoa watu waliousema ukweli kwa maandishi. Padri José Burgos alizaliwa Vigan mwaka 1837. Alitetea haki ya mapadri wenyeji kupewa makanisa yao wenyewe, na tarehe 17 Februari 1872 aliuawa hadharani Manila pamoja na Mariano Gomez na Jacinto Zamora, wakisingiziwa kuwa wametia fitina katika maasi ya Cavite. José Rizal alitoa kitabu chake cha mwaka 1891, El filibusterismo, kwa kumbukumbu ya watatu hao. Leona Florentino, aliyezaliwa Vigan mwaka 1849, alitunga mashairi kwa Kiilokano na Kihispania wakati ambao mwanamke hakutazamiwa kutunga. Alikufa mwaka 1884, na tungo zake zikaonyeshwa Madrid mwaka 1887 na Paris mwaka 1889. Mwanawe, Isabelo de los Reyes, alikusanya hadithi, imani na desturi za Wailokano akazipiga chapa mwaka 1889, na mwaka huo huo akaanzisha gazeti lililotumia lugha ya Kiilokano. Mwaka 1897 alifungwa na Wahispania. Mwaka 1902 aliunda chama cha kwanza cha wafanya kazi katika Ufilipino. Kazi ya Isabelo ni kubwa kuliko mnara wa Bantay, ingawa haipigwi picha na wageni. Yeye alitambua mapema kwamba taifa lisiloandika mambo yake litasomewa mambo hayo na wengine.

Si majengo tu yaliyobeba historia ya Ilocos Sur. Milima yake pia imebeba. Tarehe 2 Desemba 1899, Wamarekani walipokuwa wakimfuatia Rais Aguinaldo, kijana wa miaka 24, Jenerali Gregorio del Pilar, aliifunga njia ya Tirad kwa askari wapatao 60. Walishikilia mpaka mwenyeji mmoja wa milimani alipowaonyesha Wamarekani njia ya nyuma. Del Pilar aliuawa na wengi wa watu wake. Aguinaldo alipata nafasi ya kukimbia, akakamatwa mwaka 1901. Katika milima hiyo hiyo, penye njia ya Bessang karibu na Cervantes, Wafilipino waliopigana upande wa Marekani waliwashinda Wajapani tarehe 14 Juni 1945. Hapo askari wengi walikuwa wakulima wa nchi ile ile iliyotoa wabeba mawe na wanywaji wa basi.

Katika vita hivyo Manila iliharibiwa vibaya mno, na Vigan ulisalimika. Watu wa mji husimulia kwamba ofisa mmoja wa Kijapani, aliyekuwa na mke na mtoto hapo, aliondoka bila kuuchoma, akamwomba padri awalinde jamaa zake. Tuyapokee masimulizi hayo kama masimulizi. Lakini yatufunza jinsi wenyeji wanavyoufahamu mji wao. Kwao umeokolewa kwa sababu ndani yake mlikuwa na mtu anayependwa, wala uzuri wa majengo hautajwi.

Hatari haikwisha. Tarehe 27 Julai 2022 tetemeko la nguvu ya 7.0, lililoanzia Abra, liliupiga mnara wa Bantay, matofali yake yakamwagika chini, na kanisa kuu la Vigan na nyumba nyingi za kale zikapata nyufa. Mambo kama haya hulazimisha kila kizazi kuamua upya kama majengo yastahili gharama. Wako wasemao kwamba kuyatengeneza ni kuitukuza dhuluma iliyoyajenga. Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kuchekwa. Hata hivyo naona imewapa Wahispania zaidi ya haki yao. Kama ukuta ni wa aliyeamuru, basi na ubomoke pamoja naye. Lakini kama ni wa aliyebeba tofali, kuuacha uanguke ni kumnyima mbebaji ushahidi pekee wa kazi yake, kwa kuwa yeye hakuachiwa karatasi.

Jambo linalotakiwa ni kwamba jengo lisimame na habari yake yote. Santa Maria isimame, na mwanafunzi apandaye ngazi yake aambiwe kuhusu siku 40 za shokoa. Uwanja wa Salcedo ubaki na jina lake, na mwenye kupita aambiwe ni mwanamke gani aliyenyongwa hapo mwaka 1763. Picha za Villanueva ziendelee kukaa gerezani, mahali ambapo waasi wake walijulikana vizuri zaidi. Wanachuoni wa historia wamezoea kutafuta hati, na ni vema. Lakini katika nchi ambazo kalamu ilikuwa mkononi mwa mtawala kwa karne tatu, hati zitatoa upande mmoja tu. Upande wa pili umo katika ukuta, katika balasi ya basi, katika kitambaa cha abel na katika jina ambalo watu walikataa kulisahau. Atakayeuandika hana budi kujifunza kuvisoma vitu hivyo kwa bidii ile ile aisomayo barua ya gavana.